Mtu Hatoki Kabla Hajaingia

Mdogo wangu aliniweka ndani ya kompyuta bila kuniomba ruhusa. Sisemi picha yangu, nasema maneno yangu. Alipotunga lugha yake ya kuandikia programu, aliamua kwamba mtu akikosea, kompyuta isimtupie zile namba na herufi za kutisha ambazo hata wataalamu huzikodolea macho. Imgombeze. Na katika maisha yake yote, mtu aliyemjua kwa kugombeza barabara alikuwa mimi.

Basi ukisahau kufunga mabano, lugha ile inakuambia: "Mwanangu, mlango umeuacha wazi, nani aje akufungie?" Ukiita kitu ambacho hujakitaja popote: "Huyo unayemwita simjui. Mlete kwanza tuonane." Ukiweka mwisho wa jambo kabla ya mwanzo wake: "Mwanangu, mtu hatoki kabla hajaingia. Tazama tena." Hilo la mwisho nilimwambia binti yake siku moja aliporudi shule, akatupa begi mlangoni, akataka kukimbilia michezoni bila hata kutuamkia. Baba mtu alikuwa amekaa pale na kompyuta yake mapajani. Kumbe alikuwa anaandika.

Lugha akaiita Shangazi. Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja: kaa vizuri, anakuja.

Nilihamia kwake mke wake alipofariki. Nilikuja na begi moja, nikasema nakaa mpaka mtoto azoee. Mtoto alizoea, mimi nikasahau kuondoka. Tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haoni kitu akanyamaza. Anaamka akiongea, analala katikati ya sentensi. Baba yake alikuwa akiandika programu kwenye shirika la bima, na jioni anatunga hiyo lugha yake. Baadaye akaacha bima, akabaki na lugha. Majirani walimwita Profesa, na hawakuwa wanamsifu.

Mimi ni msoma mita za maji. Naingia uani kwa watu, nafukuzwa na mbwa, nainama, nafunua kifuniko, napangusa vumbi, naandika namba. Kazi hii imenifundisha kutoamini namba inayokimbia. Kuna nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli, wenyewe wamesafiri, na mita inazunguka kama pia. Ofisini wakasema hao ni wateja wazuri sana. Nikawaambia hakuna mteja pale, bomba limepasuka chini ya sakafu. Tulipovunja mlango tulikuta viti vinaelea. Na kuna nyumba nyingine, mita imelala miezi na miezi, ofisini wakaandika kuwa haikaliwi. Nilipobisha hodi walinifungulia watoto watano na bibi yao. Walikuwa wanakunywa maji ya mvua, wana tangi nyuma ya nyumba. Nilicheka sana siku ile. Laiti ningeikumbuka nyumba hiyo wakati nilipotakiwa kuikumbuka.

Sasa, huko mtandaoni kuna jedwali lililokuwa likitoka kila mwanzo wa mwezi, linalopanga lugha za kompyuta kwa umaarufu. Ipi inapendwa, ipi inapanda, ipi inakufa. Mdogo wangu aliniambia hakuna mtu anayejua kwa hakika watu wangapi wanatumia lugha gani, kwa hiyo wenye jedwali wanahesabu kinachohesabika: jina la lugha limetafutwa mara ngapi, lugha yenyewe imepakuliwa mara ngapi, na maswali mangapi yameulizwa kwenye jukwaa lake. Wanachanganya, wanakoroga, wanatoa nafasi. Miaka ya mwanzo Shangazi hakuwamo kabisa. Kisha akaingia chini kule, kwenye herufi ndogo. Kisha akaanza kupanda.

Ilikuwa furaha tupu. Mwanaume mzima anacheza jikoni na kikombe cha chai mkononi. Alichapisha lile jedwali akalibandika ukutani, mwezi uliofuata akabandika lingine juu yake, mpaka ukuta ukawa na gamba. Nami sikuona ubaya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mdogo wangu hakuwa wa hivyo. Yeye akisifiwa alizidi kufanya kazi.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Viatu vikambana, kisha vikamkataa kabisa, akawa anatembea na kandambili hata siku za mvua. Halafu pumzi. Kutoka chumbani hadi jikoni anasimama mara mbili, anajifanya anatazama picha ukutani. Nilimwambia aende hospitali, akasema kesho. Nikamwambia tena kwa sauti ambayo majirani waliisikia, akasema kesho kutwa. Mwishowe nilimvalisha shati kwa nguvu kama mtoto, nikamburuta.

Daktari alikuwa mama mmoja mkimya, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Alimsikiliza kifua, akambonyeza miguu, vidole vyake vikaacha mashimo. Akasema moyo umechoka kusukuma, kwa hiyo maji yanajaa mwilini. Mimi ni mtu wa maji, hilo sikuhitaji kufafanuliwa.

"Alazwe," daktari alisema. "Leo."

"Daktari, nipe muda kidogo," akasema mdogo wangu. "Nina watu."

"Watu gani?"

"Watumiaji."

Daktari akanigeukia mimi, kana kwamba anataka nimtafsirie. Nikasema, "Ana lugha yake, daktari. Ya kompyuta. Anadhani akilala siku mbili dunia itanyamaza."

"Wanauliza maswali kila siku," mdogo wangu akasema, taratibu, huku anahema. "Nisipowajibu watakwama. Wengine ndio wanaanza. Lugha changa ni kama mtoto, dada, ukiiacha kidogo tu wanasema imekufa, na wakishasema imekufa, inakufa kweli."

Daktari alimwandikia dawa za kupunguza maji, akatuambia waziwazi kuwa zile ni za kununulia siku chache. Ukumbini nilimwambia mdogo wangu kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Nilisema kwa hasira, mbele ya muuguzi. Akacheka, akasema hiyo nzuri, ataiweka ndani ya Shangazi.

Ndipo nilipoanza kuwachukia hao watumiaji. Niliwaona kama wageni waliokuja kwa siku moja wakakaa mwaka. Jioni mdogo wangu alikuwa anakaa mezani, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawajibu mmoja mmoja. Kulikuwa na anayejiita Mama Pacha, kulikuwa na Kobe Mwendapole, na kulikuwa na kipenzi chake, Fundi Redio. Huyu alisema anatengeneza redio kwenye kibanda, na anajifunza kupanga programu wakati hakuna wateja. Kila jioni swali moja, na kila swali linaanza na "Shikamoo mwalimu". Mdogo wangu alitusomea maswali ya Fundi Redio wakati wa chakula, kwa sauti, kama gazeti.

"Sikilizeni huyu. 'Shikamoo mwalimu, Shangazi ananiambia mlango nimeuacha wazi, lakini mimi nimeshaufunga mara tatu.' Ameufunga mara tatu! Si ndiyo tatizo lenyewe!" Akacheka mpaka akakosa pumzi. Chiriku alikuwa anatazama sahani yake.

Siku moja nilimwambia Chiriku aniandikie hilo jina kwenye simu nione hao wanaolitafuta ni nani. Akaandika "shangazi". Yakaja maswali: Shangazi nisaidie, mume wangu ananuna. Shangazi, mama mkwe anapekua kabati langu. Shangazi, nimpendaye hajibu meseji, nifanye nini? Tulishuka chini kidole kikachoka, tukafika kwa mwanamume aliyetaka kujua kama ni halali kumuoa shemeji. Kompyuta haikutajwa popote.

Nikamwonyesha mdogo wangu. "Hawa ndio wanaokupandisha? Watu wamegombana na waume zao huko, wewe unabandika karatasi ukutani."

Alitabasamu kidogo. "Hilo nalijua, dada. Jina la kawaida lina taabu hiyo. Ndiyo maana mimi siangalii utafutaji, naangalia upakuaji. Mtu hawezi kupakua lugha ya kompyuta kwa sababu mama mkwe amempekua kabati."

Hoja ilikuwa na miguu.

Kisha transfoma ya mtaa ikaungua. Mlio mmoja, moshi kidogo, giza. Tulikaa bila umeme karibu wiki nzima. Mdogo wangu alilala kitandani kwa sababu hakuwa na la kufanya, na nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ile transfoma, maana katika siku hizo uvimbe ulipungua na alilala usingizi wa kweli. Umeme uliporudi aliamka kwa mbio za kobe, akawasha mashine zake. Jioni Chiriku akanionyesha kwenye simu mchoro wa upakuaji wa Shangazi, ule mstari unaopanda mwezi hadi mwezi. Katikati ya mstari kulikuwa na shimo.

"Wiki hii watu walikuwa mapumzikoni," Chiriku akasema. "Baba ndivyo anavyosema."

Nilivaa miwani. Shimo lilianza siku transfoma ilipoungua. Liliisha siku umeme uliporudi. Na halikuwa bonde. Mstari ulikuwa umelala chini kabisa, umekufa.

Ukitaka kujua kama bomba linavuja, funga koki zote, kisha tazama mita. Hilo ndilo la kwanza tunalofundishwa kazini. Nilimuuliza Chiriku, "Ile mashine ya chumba cha uani, inayonguruma mchana na usiku, inafanya nini?"

"Ya majaribio? Inamfuta Shangazi, inampakua upya kutoka mtandaoni, inaangalia kama anafanya kazi. Ikimaliza inaanza tena."

"Na kila ikipakua, inahesabiwa?"

Chiriku alifungua mdomo. Nikamwona akipiga hesabu, uso ukimbadilika.

"Shangazi," akasema, "sidhani kama baba amewahi kuwaza hilo."

"Hata mimi sidhani." Nilikaa kwenye kiti. "Basi ni yeye mwenyewe. Anajipigia hodi, anajifungulia. Haya, angalau wapo hawa wanaouliza maswali."

Mtoto yule tuliyempa jina la ndege kwa sababu ya mdomo, hakusema neno. Alishika pindo la kitambaa cha meza, akalikunja, akalikunjua.

"Chiriku."

"Nilianza na mmoja tu," akasema. "Miezi mingi ilipita hakuna aliyeuliza kitu. Baba akawa hali. Unakumbuka alikuwa hali? Nikaandika swali moja, nikajiita Kobe. Akafurahi, shangazi. Siku ile alikula sahani mbili. Nikasema niandike moja tena."

"Wangapi ni wako?"

Alianza kulia. "Wote."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Alimtafutia baba yake watu, kama mtoto anayemletea mgonjwa maua kutoka bustani ya jirani. Lakini nilikasirika, kwa sababu sasa niliona jambo lilivyokaa. Daktari alikuwa ametuambia siku chache, na zile siku zilikuwa zimekwisha. Mdogo wangu alikuwa anakataa kitanda cha hospitali kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Uongo uleule uliomlisha ndio uliokuwa unamzamisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Sisi tulikuwa hatufichi maradhi, tulikuwa tunaficha dawa.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini sikuvua hata buti. Nilimkuta mezani, miguu juu ya ndoo, ngozi ya miguu inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Umeme ulipokatika," nikamwambia, "mstari wako ulilala. Uliporudi, ukaamka. Mashine ya uani ndiyo inayopakua."

Alikuwa mtu wa kompyuta. Hakuhitaji sentensi ya pili. Alifumba macho. Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka kwa mkwaruzo.

"Sikuitoa kwenye hesabu," akasema. "Kosa la mwanafunzi."

"Ndiyo."

"Lakini maswali yapo, dada. Upakuaji sawa, tuseme ni mimi. Maswali siyo mimi."

Nikageuza kichwa. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Baba yake alimtazama, akanitazama mimi, akamrudia tena. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama Pacha?" akauliza.

Chiriku akatikisa kichwa kukubali.

"Kobe?"

"Ni mimi, baba."

Alipouliza la mwisho aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba.

"Hata Fundi Redio?"

"Hata Fundi Redio, baba. Nisamehe."

Alifunga kompyuta, taratibu, kama anavyofungwa mlango mtoto akiwa amelala. Akateremsha miguu kutoka kwenye ndoo, mmoja mmoja, kwa mikono. "Dada," akasema, "niletee shati. Twendeni hospitali."

Nilikuwa nimemshinda. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikipata, na nilipokuwa nafunga vifungo vya lile shati nilijua kuwa mtu ninayemvalisha si yule niliyemburuta mara ya kwanza. Yule alipinga. Huyu aliinua mikono nilipomwambia ainue.

Walimpa kitanda karibu na dirisha. Walimwekea mipira na dawa, maji yakaanza kutoka, miguu ikapungua ikawa ya binadamu. Daktari alisema tumechelewa lakini tujaribu. Mdogo wangu hakuulizia kompyuta. Hakuulizia jedwali, ingawa mwezi mpya ulikuwa umeanza. Alikula anachopewa, akameza anachopewa, akageukia ukuta. Ilikuwa ajabu kumwona anatii hivyo mtu niliyemlea kwa ubishi.

Chiriku hakuondoka pale. Siku moja, kwa kutapatapa, akamwinamia sikioni. "Shikamoo mwalimu," akamwambia. "Nina swali."

"Marahaba, fundi," akajibu, bila kugeuka. Machozi yakamteremka mpaka kwenye mto. Baada ya muda akasema, "Ulikuwa chumba cha pili, mwanangu. Wewe umekaa chumba cha pili unaniandikia, mimi nimekaa sebuleni nakujibu. Ungeniita tu. Ningekuja tukakaa."

Chiriku akatoka nje mbio. Tukabaki wawili. Aliniita karibu, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Dada, wewe hunifichi kitu."

"Sikufichi."

"Una hakika kabisa? Hakuna hata mmoja? Sitaki wengi. Mtu mmoja tu aliyewahi kuandika nayo kitu, kitu hata cha kipuuzi."

Ningeweza kusema sijui. Lingekuwa jibu sahihi, na pia lingekuwa jibu la huruma, na ni mara chache mambo hayo mawili yanakaa kwenye kiti kimoja. Lakini mimi ni mimi. Mimi nasoma mita, naandika ninachokiona.

"Zile siku za giza mita haikusogea, mdogo wangu," nikamwambia. "Hata tone."

Alitikisa kichwa, akaniachia mkono. "Basi," akasema.

Alifariki asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu, muuguzi mmoja akivua koti na mwingine akivaa. Walitupigia simu tukiwa njiani na chupa ya chai.

Siku ya kumchukua nilimwacha Chiriku kwenye benchi nje, nikaingia peke yangu kwenye ofisi ya chumba cha maiti. Ni chumba kidogo nyuma kabisa ya hospitali, kina feni inayolalamika, meza ya chuma, na kompyuta kuukuu ambayo vitufe vyake vimegeuka rangi kuwa manjano. Karani alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini ya watu wanaofanya kazi kama ile.

"Pole sana, mama," akaniambia. "Keti. Tutamaliza sasa hivi."

Akawa ananiuliza huku anaandika. Jina. Umri. Ameingia lini. Anatoka lini. Akabonyeza, na kioo kikaweka mstari mwekundu.

"Aa, nimekosea mwezi," akajisemea.

Mimi nilikuwa nimeshasoma. *Mwanangu, mtu hatoki kabla hajaingia. Tazama tena.*

Nilisoma mara ya pili. Nikashika ukingo wa meza.

Karani aliniona ninavyokodoa. "Samahani, mama, si maneno yangu hayo. Ni huyu Shangazi wetu." Akatabasamu kwa haya. "Programu yenyewe imeandikwa kwa lugha inaitwa hivyo. Ukikosea anakugombeza. Mwanzoni ilituudhi, sasa tumemzoea. Yule kijana wa zamu ya pili hukosea makusudi ili agombezwe, anasema humkumbusha kwao."

"Mliipata wapi?" nikauliza.

"Miaka mingi sasa. Alikuja fundi mmoja wa kompyuta, akatuwekea kwa flashi. Humu ndani mtandao hakuna, mama, hata simu haishiki vizuri. Wenzetu wa hospitali nyingine walipoiona wakaipenda, tukawanakilia kwa flashi hiyohiyo. Nao wamewapa wengine. Sijui imefika wapi sasa, ila stoo ya dawa wanayo, mapokezi wanayo, na wale wa damu salama nasikia wanayo."

"Na hamkuwahi kumuuliza mwenyewe swali? Mwenye lugha?"

Karani alishangaa. "Swali la nini, mama? Haijawahi kutusumbua."

Nikaiona ile nyumba. Mita imelala, ofisini wameandika haikaliwi, na nyuma ya nyumba tangi limejaa, na watoto watano wananichungulia mlangoni na vikombe mikononi. Niliijua. Niliwahi kuibishia hodi kwa mkono wangu huu. Na ukuta wa pili kutoka pale nilipokaa, hatua chache tu, mdogo wangu alikuwa amelala kwenye ubaridi, ameondoka akijua hakuwa na hata mmoja, kwa sababu dada yake mkweli alimwambia hivyo.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia karani azime, awashe, akosee tena, amwite yule kijana wa zamu ya pili. Nilitaka kukimbia kwenye benchi nikamwambie Chiriku, na nilijua pia kuwa nikimwambia, atabeba mzigo huu pamoja nami mpaka uzee wake. Lakini mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nilikaa tu pale.

Karani alirekebisha mwezi. Mstari mwekundu ukafutika.

"La mwisho, mama," akasema. "Kazi ya marehemu?"

Nikanyoosha kidole kwenye kioo. "Hiyo hapo," nikasema. "Hiyo ndiyo kazi yake. Hiyo."

Alitazama kioo, akanitazama mimi, kwa huruma ya mtu aliyeona wafiwa wengi wakisema wasiyoyajua. Hakubishana nami. Akaandika *Hakuwa na kazi*, akabonyeza, na Shangazi akapokea bila kugomba.